Namba ya Mashine ya Chumba cha Pili

Likizo ilipofika, wenzake wote waliikimbilia mipira uwanjani, lakini Chiriku alikwenda kwenye karakana ya mjomba wake. Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Ni Bibi aliyempachika, maana tangu mtoto yule ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Kila asubuhi alifagia, akapanga bisibisi kwa ukubwa, akapuliza vumbi ndani ya kompyuta za watu mpaka akapiga chafya, kisha akaanza maswali. Hii waya inakwenda wapi? Kwa nini ile inapiga kelele?

"Wewe mtoto," Mjomba alimwambia huku akicheka, "maswali yako yangekuwa misumari, ningeshajenga ghorofa."

Likizo hiyo Mjomba alikuwa na kazi kubwa. Kituo cha afya cha mtaani kwao kilikuwa kimempa kompyuta za kutengeneza, ili madaktari waache kuandika kwa mkono. Na kweli walistahili kuacha, kwani miandiko yao ilikuwa haisomeki hata na wao wenyewe. Mjomba hakuianza kila mashine upya. Alitengeneza moja, akaiwekea programu zote, akaiita mashine mama. Kisha akanakili diski yake kwenye diski za mashine nyingine, nazo zikatoka zimefanana na mama yao kwa kila kitu.

"Hapo kwenye kufanana ndipo penye hatari," Mjomba alimweleza Chiriku. "Ndani ya kila mashine kuna namba ndefu ya utambulisho. Haitakiwi kufanana na ya mashine nyingine yoyote. Lakini ukinakili diski, na namba inanakiliwa. Sasa niambie, ukiwapa watoto wawili wa nyumba moja jina moja, ukiita itakuwaje?"

"Watakuja wote wawili," Chiriku akajibu. "Au hatakuja hata mmoja, kila mtu anamtegea mwenzake."

"Na akikosea mmoja, atachapwa mwingine! Basi pale kituoni kuna kompyuta kubwa ofisini inayotunza mafaili ya wagonjwa wote. Yenyewe haiwaoni madaktari usoni. Inawajua kwa namba za mashine zao tu. Mashine hii imefungua faili la mgonjwa fulani, basi dawa yoyote itakayoandikwa kutoka kwenye mashine hiyo inaingia kwenye faili hilo. Namba mbili zikifanana, dawa ya huyu itaandikwa kwa yule."

Akamfungulia dirisha jeusi, lile lisilo na picha wala vitufe, ambamo mtu huiamuru mashine kwa kuandika maneno. Kwanza unaifuta namba ya zamani. Kisha unaandika amri ya kutengeneza namba mpya, nayo ni ndefu na haitaki ukosee hata kistari: systemd-machine-id-setup. Ukimaliza, unaisoma namba mpya kwa sauti na mwenzako anailinganisha na ya mashine mama. Hatua hiyo ya mwisho Mjomba hakuwahi kuiruka. Hata akiwa peke yake karakanani alijisomea kwa sauti, mpaka wapita njia wakadhani anagombana na mtu.

Walifanya hivyo mashine baada ya mashine, Chiriku akiandika, Mjomba akilinganisha. Ikabaki moja ya mwisho, yenye mkwaruzo ubavuni. Mwenye gari la mizigo alikuwa ameshafika, na Mjomba akatoka kwenda kupakia zilizokuwa tayari.

"Malizia hiyo," alisema. "Nikirudi tutaisoma."

Chiriku akaandika amri ya kufuta. Lakini kwa haraka alisahau neno la mwanzo, lile la kuomba ruhusa ya msimamizi wa mashine. Dirisha likamrudishia mstari mfupi wa kumkatalia. Hajawahi kukataliwa na mashine! Akaandika amri ya pili, akabonyeza, mashine ikakaa kimya. Akaisoma namba. Ilianza kama ya mashine mama, ikaisha kama ya mashine mama. Hakujua kwamba amri ile ikikuta namba ya zamani bado ipo, inaiacha ilivyo. Yeye alijua neno moja tu: nimeiharibu mashine ya kituo cha afya.

"Chiriku!" Mjomba akaita kutoka nje. "Tayari? Huyu bwana ana haraka!"

Chiriku akalifunga dirisha jeusi. "Tayari, Mjomba."

"Umeilinganisha?"

"Nimeilinganisha."

Neno likishatoka mdomoni halirudi. Mjomba akaingia mbio, akaibeba mashine, na kwa sababu ya honi za mwenye gari, siku hiyo hakuisoma namba. Gari likaondoka.

Tangu hapo Chiriku hakuwa na raha. Aliogopa gari likipita, aliogopa simu ya Mjomba ikilia. Mara nyingi alifungua mdomo aseme, akaiona sura ya Mjomba akilini, akaufunga. Akajidanganya kwamba labda haitatokea kitu. Mezani alikizungusha chakula kwenye sahani mpaka kikapoa.

"Leo vipi, mke mwenzangu?" Bibi akamtania. "Chiriku kameza ulimi?"

"Sijambo, Bibi," akajibu, na macho yakabaki kwenye sahani.

Siku mashine zilipoanza kutumika kituoni, goti la Bibi nalo liliamua kuvimba. Mama alikuwa kazini, hivyo Chiriku ndiye aliyetakiwa kumsindikiza. Angeambiwa aingize mkono kwenye mzinga wa nyuki asingeogopa zaidi. Alitembea polepole kuliko hata Bibi mwenye goti.

Ukumbi ulikuwa na mabenchi yaliyojaa watu, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, na milango miwili iliyoandikwa Chumba cha Kwanza na Chumba cha Pili. Mlango wa Chumba cha Pili ulikuwa wazi. Chiriku akachungulia, akaiona mashine ile ile mezani pa daktari, ina mkwaruzo wake ubavuni. Na ndani ya Chumba cha Kwanza, alijua, Mjomba alikuwa ameiweka mashine mama yenyewe.

Kwenye benchi walikaa jirani na dereva wa lori, mtu mnene anayekunywa maji kutoka kwenye chupa bila kupumzika.

"Sukari hii, mama," alimwambia Bibi. "Ikipanda, nakunywa kisima kizima na kiu haiishi. Leo najua watanichoma ile sindano ya kuishusha."

"Pole, mwanangu. Itashuka tu."

"Itashuka, ila ile dawa si ya kuchezea. Jirani yangu alijizidishia kidogo tu, akaanguka kwa kishindo. Wangechelewa kumfikisha hospitali tungeshamzika."

Kabla Bibi hajajibu, kicheko kikalipuka kwenye dirisha la dawa. Baba mmoja mwenye ndevu mpaka kifuani alikuwa ameshika chupa ndogo ya dawa ya maji yenye picha ya mtoto mchanga.

"Nimekuja na mgongo!" alilalamika. "Mnanipa dawa ya watoto wachanga? Haya, na chuchu ya kunyonyea iko wapi?"

Ukumbi mzima ulicheka, na Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi. Chiriku hakucheka. Baba yule alikuwa ametoka Chumba cha Kwanza. Dakika ile ile, kutoka Chumba cha Pili, alikuwa ametoka mama mwenye mtoto mgongoni. Kumbe ndiyo haya. Dawa ya huyu kwa yule.

"Bibi, nakuja sasa hivi," akasema, akaondoka kuelekea ofisini, alikokuwa Mjomba tangu asubuhi akizisimamia mashine zake. Alikuwa amekata shauri kusema. Lakini alipofika mlangoni alisikia sauti ya daktari mkuu, mwanamke mrefu ambaye wauguzi wote walimwogopa.

"Fundi, mashine zako zinanichanganyia wagonjwa. Kama ni hivi, zinarudi zote leo leo, na mimi na wewe basi."

"Nipe nafasi niangalie kebo, daktari," Mjomba alisema. "Kwenye namba sina wasiwasi. Zote tumezilinganisha, mpwa wangu mwenyewe alinihakikishia. Yule mtoto hawezi kunidanganya."

Chiriku alibaki ameganda ukutani. Angeweza kuvumilia kuchapwa. Lakini aingie vipi mle ndani, mbele ya mama yule mkali, na maneno hayo ya Mjomba bado yako hewani? Akageuka, akarudi ukumbini akijiambia kwamba watagundua wenyewe, watu wazima wale, hawawezi kushindwa.

Kwenye benchi Bibi hakuwepo. Dereva hakuwepo.

"Bibi yangu yuko wapi?" akamuuliza mama mwenye mtoto.

"Wameingia kwa pamoja, yeye cha pili, yule dereva cha kwanza. Wametoka. Dereva yuko pale dirishani, anaambiwa jina lake halina dawa yoyote. Bibi yako ameitwa chumba cha sindano."

"Cha sindano?"

"Ndiyo. Mbona umepauka hivyo, binti?"

Chiriku hakuingojea hata ile "binti" iishe. Alikimbia. Alimgonga mtu wa ndoo ya kupigia deki, maji yakamwagika, akatukanwa, hakugeuka. Bibi alikwenda kwa ajili ya goti. Dereva alikwenda kwa ajili ya sukari. Sasa dereva hana dawa, na Bibi anachomwa sindano.

Akasukuma mlango. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti, amekunja mkono wa gauni mpaka begani. Nesi alikuwa ameshaupangusa mkono kwa pamba, na sindano aliishika juu, akitoa mapovu ya hewa.

"Usimchome!"

Nesi alishtuka. "Wee mtoto! Hapa ni sokoni? Toka nje!"

"Usimchome bibi yangu, nakuomba!"

"Mwache, nesi, ana huruma sana huyu," Bibi akasema, akimpungia Chiriku mkono. "Tulia, mjukuu wangu. Ni ya goti tu, inaisha mara moja."

"Bibi, angalia ukutani," nesi akasema kwa haraka. "Nina foleni ndefu." Akashusha sindano kuelekea mkononi.

Chiriku akafungua mdomo aeleze. Aliyekuwa akiongea kutwa nzima bila kumeza mate, sasa neno halitoki! Akamrukia nesi, akaudaka mkono wake kwa mikono miwili, na hapo machozi na maneno yakatoka pamoja.

"Si ya kwake! Mashine ya Chumba cha Pili ina namba ya mashine ya Chumba cha Kwanza! Hiyo sindano ni ya dereva, ya sukari! Mimi ndiye niliyekosea. Mjomba aliniuliza, nikamdanganya. Nilisema tayari, na haikuwa tayari!"

Nesi akautazama mkono wake uliokuwa umeshikwa, akaitazama kompyuta, ambako jina la Bibi liliandikwa wazi, na mbele yake sindano ya kushusha sukari. Akaiweka sindano kwenye sinia.

"Bibi," akauliza polepole, "wewe una ugonjwa wa sukari?"

"Sukari mimi naijua ya kwenye chai tu," Bibi akajibu. "Na hiyo nayo mama yake huyu ananinyima."

Nesi akamtoboa Bibi kidole, akapima. Sukari ilikuwa ya kawaida kabisa. Akaketi ghafla kwenye kitanda cha wagonjwa.

"Mungu wangu," akasema. "Nilikuwa nimebakiza kuchoma tu. Sukari yake ingeanguka, na mimi ningemwambia aende nyumbani."

Hapo ndipo Bibi alipoelewa. Akaushusha mkono wa gauni, akafunga na kifungo.

Mambo yakaenda haraka. Nesi alitoka akapaza sauti kwamba hakuna mgonjwa kupewa dawa mpaka daktari wake amthibitishie kwa mdomo. Dereva alikutwa ameinamisha kichwa kwenye benchi, midomo imemkauka. Daktari wa Chumba cha Kwanza akaja mwenyewe kuthibitisha dawa, na dereva akachomwa sindano yake. Kisha mlango wa ofisi ukafunguliwa, wakatoka Mjomba na daktari mkuu.

Chiriku alitamani sakafu immeze. Akayarudia yote mbele yao, safari hii bila kulia, akiangalia viatu vya Mjomba. Alingojea ukelele. Haukuja, na kungojea huko kulikuwa kubaya kuliko ukelele wenyewe.

"Nionyeshe," Mjomba akasema.

Wakaingia Chumba cha Pili. Chiriku akafungua dirisha jeusi. Akakosea herufi, akafuta, akaanza tena. Safari hii alitanguliza neno la kuomba ruhusa. Dirisha halikukataa. Namba ya zamani ikafutika. Akaandika amri ya namba mpya, herufi moja moja, na vistari vyake vyote, wakaiwasha mashine upya. Mjomba akaenda akasimama mbele ya mashine mama, milango yote miwili ikiwa wazi.

"Soma!" akaita.

Chiriku akaisoma namba mpya kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, na ukumbi mzima ukimsikiliza. Hazikufanana. Mjomba hakuridhika. Alipita kila chumba, kila namba ikasomwa na kulinganishwa, naye daktari mkuu akifuata nyuma.

"Sasa waliokwisha kupewa dawa asubuhi hii," daktari mkuu alisema walipomaliza. "Wote wapigiwe simu, warudi. Na huyu mtoto atasimama mlangoni na nesi wangu, awaeleze mwenyewe kwa nini wameitwa."

Akasimama. Kila aliyeingia, Chiriku alimwamkia, akamweleza, akaomba radhi. Mwanamke mmoja alimfokea mpaka mate yakamrukia usoni. Mama mwenye mtoto mgongoni alimkazia macho marefu, akampita bila neno, na hilo lilimuuma zaidi. Yule baba mwenye ndevu alirudi na chupa yake, akasema, "Bahati yako sijainywa, ningeanza kutambaa." Hakuna aliyekuwa ameumia. Alipoingia wa mwisho, miguu ya Chiriku ilikuwa imekufa ganzi.

Mjomba akamwita kando, wakakaa kwenye benchi pamoja na Bibi.

"Kukosea amri si kitu," alisema. "Neno lile la kuomba ruhusa hata mimi hulisahau, na mashine hunikatalia vilevile. Ungeniita tungecheka, tukaanza upya. Na mimi nina kosa langu. Honi ya gari haikutakiwa kunifanya niache kusoma namba. Hilo nimeshamwambia daktari, na kazi ameniachia, ila kila mashine nitaisoma upya mbele yake. Lakini nilimwapia kwamba wewe huwezi kunidanganya, Chiriku. Hilo ndilo lililoniuma."

"Nilikuogopa, Mjomba."

"Ulidhani nitakufanya nini?"

"Utanigombeza."

Bibi alikuwa akilisugua goti lake. Akamvuta mjukuu wake karibu, akamshika kidevu ili macho yao yakutane, na safari hii hapakuwa na utani.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Woga kila mtu anao. Mimi mzee nina wa kwangu. Lakini ukiogopa, sema, na ukikosea, sema upesi zaidi. Mjomba wako angekugombeza, ungelia, kesho ungeamka mzima. Kugombezwa hakuui, mjukuu wangu. Lile neno 'tayari' lilibakiza kidogo kuniua."